Pikapu za Kale za Gitaa la Umeme na Njia za Kuzithibitisha

Gitaa la umeme, likiachwa peke yake, halina sauti ya kutosha. Mtu akilipiga bila kuliunganisha na amplifaya husikia mlio mwembamba usiofika hata mlangoni. Ile sauti iliyowainua watu vitini katika kumbi za dansi za Dar es Salaam, Morogoro, Nairobi na Kinshasa ilianzia katika kipande kidogo kilichokaa chini ya nyuzi, kipande cha sumaku na waya, ambacho wasemaji wa Kiingereza wamekipa jina moja na lile la gari dogo la mizigo. Nasi katika makala haya tutakiita pikapu.

Msomaji aweza kuuliza: pikapu yahusu nini katika kitabu cha utamaduni wa taifa? Yahusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba muziki wa dansi ni sehemu ya urithi wetu, na ala zake nyingi zilikuwa mali ya umma. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilipigia ala za chama cha wafanyakazi, na bendi za majeshi na za mashirika zilipita njia hiyo hiyo. Sababu ya pili ni ya elimu. Wanafunzi wetu wa historia hufundishwa kuhakiki hati na masimulizi. Mara chache hufundishwa kuhakiki kitu. Kwa maoni yangu, ni vitu vichache vya kiwandani vinavyofundisha uhakiki huo vizuri kama pikapu za Marekani za miaka ya 1950, kwa kuwa wanaozinunua, wanaozighushi na wanaozichunguza wamelazimishana kwa miaka mingi kujua kila kovu lililomo ndani yake.

Kanuni yake ni ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya, nguvu ya sumaku inayopita katika waya ule hubadilika, na mkondo mdogo wa umeme huzaliwa. Mkondo huo hupelekwa kwenye amplifaya, nayo huukuza mpaka usikike. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai kitu juu ya pikapu ya namna hii: sumaku haina habari nazo.

Wa kwanza kuifanyia kanuni hiyo biashara katika gitaa alikuwa George Beauchamp wa Los Angeles, akishirikiana na Adolph Rickenbacker. Mwaka 1931 walitengeneza mfano wa mbao, na mwaka uliofuata wakaanza kuuza gitaa la kulazwa mapajani lililosubuliwa kwa aluminiamu. Lilikuwa na tumbo la duara na shingo ndefu, hata watu wakaliita kikaango. Pikapu yake ilikuwa na sumaku mbili zilizopindwa mfano wa kiatu cha farasi, na nyuzi zilipita katikati yake. Beauchamp alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayolindwa na serikali, mwaka 1937. Wakati huo kampuni ya Gibson ilikwisha kuingia uwanjani. Gitaa lake la ES-150 la mwaka 1936 ndilo lililopigwa na kijana Charlie Christian, aliyejiunga na kundi la Benny Goodman mwaka 1939 na kufariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25. Katika miaka hiyo michache alilitoa gitaa katika kazi ya kusindikiza na kulipa haki ya kusema peke yake, kama tarumbeta na saksafoni.

Baada ya vita viwanda viwili vya Marekani ndivyo vilivyoongoza: Gibson huko Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, na Fender huko Fullerton, California. Habari za Fender nitazieleza kwa ufupi, si kwa sababu ni haba, bali kwa sababu mashahidi wake ni wepesi kuonekana. Pikapu ya Fender ya miaka ya 1950 ina vipande viwili vya karatasi ngumu iliyokandamizwa, juu na chini, na sumaku sita ndogo zilizosimamishwa kati yake mfano wa vigingi. Waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku hizo. Kwa kuwa mkono wa mfanyakazi ndio ulioongoza waya, mizunguko yake haikulala sawasawa, na hakuna pikapu mbili zilizo ndugu kamili. Miongoni mwa wasukaji hao alikuwa Abigail Ybarra, aliyeingia kiwandani mwaka 1956, akaendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 50. Jina lake leo linajulikana kwa wapiga gitaa ambao hata jina la meneja wake hawalijui, na jambo hilo lanifurahisha.

Katikati ya miaka ya 1960 mambo kadhaa yalibadilika Fullerton kwa karibu wakati mmoja. Ile karatasi ngumu ya chini, iliyokuwa nyeusi, ikawa ya kijivu. Waya uliokuwa na vanishi nene ukaachwa katika pikapu za Stratocaster, ukachukuliwa wenye vanishi ya kawaida. Chini ya pikapu nyingi zikaanza kuonekana tarehe zilizoandikwa kwa mkono. Na mwezi Januari 1965 kampuni yenyewe iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Mnunuzi wa leo akiambiwa kwamba pikapu fulani ni ya mwaka 1957, naye akaigeuza akakuta chini ni kijivu, hana haja ya kuuliza swali la pili.

Sasa tuje Kalamazoo, maana huko ndiko kwenye kesi ngumu.

Pikapu zote za awali zilikuwa na ugonjwa mmoja. Koili ya waya hunasa mtikisiko wa uzi, lakini hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumba: wa taa, wa transfoma, wa waya zilizomo ukutani. Mpigaji akinyamaza, amplifaya haikunyamaza. Gibson ilimpa kazi hiyo Seth Lover, mtu aliyejifunza redio na kutumikia jeshi la majini, ambaye alikuwa ameona namna koili mbili zilivyoweza kutumika ndani ya amplifaya kuua mvumo. Mwaka 1955 aliihamishia fikra hiyo katika gitaa. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, akazisuka zielekee kinyume, na chini yake akalaza sumaku moja ili koili ya kwanza iwe upande wa kaskazini wa sumaku na ya pili upande wa kusini. Mvumo, usiojali sumaku, uliingia katika koili zote mbili kwa kupingana, ukajiua. Sauti ya uzi ilipinduliwa mara mbili, kwa koili na kwa sumaku, kwa hiyo ikajumlishwa. Ni hesabu ya shule: hasi mara hasi ni chanya.

Maombi ya hataza yalipelekwa tarehe 22 Juni 1955. Pikapu hizo zilianza kuonekana katika magitaa ya kulazwa mapajani mwaka 1956, na mwaka 1957 zikafungwa katika gitaa la Les Paul. Hataza yenyewe ilitolewa tarehe 28 Julai 1959, ikiwa na namba 2,896,491. Katika muda wa kungoja, kiwanda kilibandika chini ya kila pikapu kibandiko kidogo cheusi chenye herufi za dhahabu, kikisema kwa Kiingereza kwamba hataza imeombwa. Herufi za kwanza za maneno hayo ni P.A.F., na kwa herufi hizo tatu pikapu za Lover zinajulikana duniani kote.

Pikapu hizi ni za thamani kwa nini? Les Paul zenye rangi ya machweo zilitengenezwa kuanzia mwaka 1958 hadi 1960 tu, na hesabu yake yote haifiki 2,000. Hazikuuzika vizuri, zikaachwa, na mwaka 1961 umbo la gitaa hilo likabadilishwa. Kisha vijana wa Uingereza wakazifufua. Eric Clapton alipiga gitaa la namna hiyo katika rekodi aliyofanya pamoja na John Mayall mwaka 1966, na tangu hapo kila aliyeisikia alitaka sauti ile. Leo gitaa moja la aina hiyo lililo kamili huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na pikapu moja peke yake, kitu kinachotosha kiganjani, kwa dola maelfu kadhaa. Pale fedha ilipofika kiasi hicho, mghushi naye hakuchelewa.

Mchunguzi asiyejua hutazama kibandiko kwanza na mara nyingi huishia hapo. Lakini katika mashahidi wote wa pikapu ya Lover, kibandiko ndicho dhaifu kuliko wote. Kwanza, pikapu za mwanzo kabisa, za mwaka 1956 na mwanzo wa 1957, hazikuwa nacho. Kwa hiyo zilizo halisi na kongwe zaidi ndizo zisizo na cheti. Pili, kiwanda kiliendelea kubandika maneno ya “hataza imeombwa” hadi karibu mwaka 1962, miaka kama mitatu baada ya hataza kutolewa. Katika pikapu zilizopakwa dhahabu, ambazo ziliuzwa polepole, kibandiko hicho kiliendelea hata baada ya hapo. Tatu, kilipobadilishwa, kibandiko kipya kilitaja namba ya hataza, nayo ni 2,737,842. Mwanafunzi akiitafuta namba hiyo katika daftari za serikali ya Marekani hatakuta pikapu. Atakuta kishikio cha nyuzi alichokibuni Les Paul mwenyewe, kilichopewa hataza mwaka 1956. Wako wanaosema kiwanda kilifanya makusudi ili washindani wasiipate michoro ya Lover kwa urahisi, na wako wanaosema lilikuwa kosa la karani. Mimi nimekaa ofisini muda wa kutosha kujua kwamba kosa la karani laweza kudumu miaka kumi bila ya mtu kuligusa.

Kwa hiyo pikapu halisi yaweza kukosa kibandiko, yaweza kuwa na kibandiko kilichopitwa na wakati, na yaweza kuwa na kibandiko chenye namba isiyoihusu. Na kibandiko kipya kilichochapishwa mwaka jana chaweza kuwa safi, sahihi na kamili, kimekaa juu ya pikapu ya uongo.

Mashahidi wenye nguvu ni yale mambo ambayo hakuna mtu kiwandani aliyeyatia maanani. Tuanze na bamba la chini. Lilikatwa kwa mashine kutoka katika mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na lina miguu miwili inayopitisha skrubu za kulifungia gitaani. Kifaa kilichoikunja miguu hiyo kiliacha juu yake alama mfano wa herufi L. Hakuna aliyekusudia kuiweka alama hiyo. Ni jeraha la kazi. Fuata bobini, ambazo kwa umbo ni jamaa ya bobini ya cherehani, ila ni ndefu kama kidole. Zilisubuliwa kwa plastiki katika kalibu moja, na kalibu hiyo iliacha juu yake tundu dogo la mraba ndani ya duara, ambalo mtu akichungulia huuona waya. Kuanzia karibu mwaka 1965 ilitumika kalibu nyingine, na bobini zake zina herufi T juu. Mtu akikuonyesha pikapu yenye T na kuiita ya mwaka 1959, umekwisha kujua.

Rangi ya bobini ina kisa chake. Zilikuwa nyeusi. Lakini katika miaka ya 1959 na 1960 hivi zikaonekana za rangi ya malai, nyingine zote mbili, nyingine moja nyeusi na moja ya malai, mfano wa punda milia. Lover alieleza baadaye kwamba mtengenezaji wa plastiki aliishiwa na ile nyeusi, na kwa kuwa bobini zilikaa ndani ya kifuniko cha chuma, hakuna aliyejali. Leo rangi hiyo iliyozaliwa na upungufu wa ghala huongeza bei. Watu hulipa zaidi kwa kitu ambacho kiwanda kilikificha.

Ndani zaidi kuna waya. Unene wake ni milimita 0.06 na kitu, mwembamba kama unywele, na katika pikapu za miaka ya 1950 vanishi yake huonekana ya rangi ya zambarau iliyoiva. Baada ya mwaka 1963 hivi ilikuja vanishi nyingine, na koili zikaonekana zenye wekundu wa shaba. Kila koili ilikadiriwa iwe na mizunguko kama 5,000, lakini mashine za mwanzo hazikuwa na kihesabio cha kuzisimamisha. Mfanyakazi alisuka mpaka bobini ionekane imejaa. Sumaku nazo, zilizo aloi ya aluminiamu, nikeli na kobalti, zilinunuliwa za daraja mbalimbali, nguvu zake hazilingani, zikafungwa kadiri zilivyopatikana. Kutoka mwaka 1961 hivi zikawa fupi zaidi na za daraja moja. Pembeni mwa sumaku kuna kijiti cha mti wa mepo, kilichowekwa ili kuiegemeza bobini. Kijiti hicho kimewaumbua waghushi kadhaa waliojua yote mengine wakasahau kwamba mti huzeeka.

Kutokana na kusuka huko bila hesabu, pikapu mbili zilizotoka kiwandani siku moja hutofautiana. Ukinzani wake hupimwa kwa omu, nao hupatikana kati ya 7,000 na 9,000 hivi. Hata koili mbili za pikapu moja hazilingani. Hapa uhakiki unageuka na kuwa kinyume cha tunavyotazamia: pikapu inayodaiwa kuwa ya mwaka 1958, ambayo koili zake zimelingana kabisa, ndiyo ya kutiliwa shaka. Mashine za leo zenye kihesabio hazijui kukosea kwa namna ile.

Mtunzi wa mashairi ataelewa upesi. Tukipewa utenzi wa kale, tukakuta kipande kimoja kina mizani tisa kati ya vipande vya mizani nane, tunasimama na kuuliza: je, mkono mwingine umepita hapa? Lakini nakala ya zamani isiyo na doa hata moja, isiyo na neno lililofutwa wala herufi iliyosahauliwa, nayo humtia wasiwasi msomaji mzoefu. Mnakili wa kweli huchoka, na taa yake huishiwa mafuta.

Kuhusu kipimo cha omu nina tahadhari moja kwa walimu wa sayansi, kwa kuwa wauzaji hukitaja kama kwamba ni alama ya kidole. Shaba ikipata joto, ukinzani wake huongezeka, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Pikapu iliyosoma omu 8,000 katika chumba chenye nyuzi 20 itasoma zaidi ya 8,300 katika chumba chenye nyuzi 30. Chombo kile kile kitasoma vingine Kalamazoo wakati wa theluji na vingine Tanga mwezi wa Februari, na hakuna mtu aliyekigusa. Kipimo bila kutaja joto la chumba ni nusu ya kipimo. Tena hakielezi umri hata kidogo. Huweza kukanusha, kwa mfano koili iliyokatika au iliyosukwa upya kwa waya mwingine, lakini hakiwezi kuthibitisha.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mchunguzi anaona kila kitu. Haoni. Bobini, waya, sumaku na kijiti vimo ndani ya kifuniko kilicholehemiwa kwenye bamba, na lehemu ile ya kiwandani, iliyotulia tangu siku ya kwanza, ni shahidi mwenyewe. Ikiwa haijavunjwa, twajua kwamba yaliyomo ndani hayajaguswa. Kuyaona ni lazima kuivunja, na ikivunjwa hairudi. Wapigaji wengi wa miaka ya 1960 waliziondoa vifuniko kwa kuamini kwamba sauti huwa kali zaidi, na kwa kufanya hivyo walitupa elimu na kutunyima ushahidi kwa wakati mmoja. Wanaochimba magofu ya Kilwa wanalijua tatizo hili: tabaka la udongo lililochimbwa halichimbwi mara ya pili. Mchunguzi mwangalifu huanza na yale yasiyohitaji kufungua. Hutazama miguu ya bamba, hupima kwa mita, husogeza dira juu ya skrubu kuona kama upande mmoja huvuta kaskazini ya sindano na wa pili kusini yake, huikagua lehemu kwa kioo cha kukuza. Akifungua, awe na sababu, na aandike alichokuta kabla hajakigusa.

Waghushi wamejifunza haya yote, kwa sababu yamekwisha kuandikwa. Siku hizi huuzwa mabamba mapya yenye alama ya L, bobini mpya zenye tundu la mraba, waya mpya wenye rangi ya zambarau, hata vibandiko. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo hutengenezwa na mafundi waaminifu kwa ajili ya matengenezo, na anayeuza nakala akiiita nakala hana kosa. Hila huanza pale vinapounganishwa, vikapakwa uchafu na kuachwa vishike kutu. Iliyo mbaya zaidi ni ile ya kuchanganya: bamba halisi, kibandiko halisi, na koili mpya ndani. Kila shahidi akiulizwa peke yake anasema kweli, ila hawakuwahi kukaa nyumba moja. Dawa ya hila hiyo ni kuwauliza kwa pamoja. Je, kutu ya skrubu inalingana na kutu ya bamba lililo chini yake? Je, uchafu umeingia hata mahali pasipofikika kwa brashi, au umekaa juu tu kama poda? Je, bobini ya mwaka 1960 imekaa na sumaku ya mwaka 1960, au na ya baada yake? Na gitaa lenyewe, tundu ambamo pikapu imelala, lina alama ya kivuli chake?

Kiwanda cha Gibson cha Kalamazoo kilifungwa mwaka 1984, kazi ikiwa imehamia Nashville. Baadhi ya wafanyakazi hawakuhama. Walibaki katika jengo lile lile na mwaka 1985 wakaanzisha kampuni yao ya magitaa. Lover, ambaye mwaka 1967 alikuwa amehamia kwa washindani huko Fender, alifariki mwaka 1997. Kwa kuwa mizunguko haikuhesabiwa, hakuna daftari la kuonyesha ilikuwa mingapi katika pikapu fulani. Daftari ni pikapu zenyewe zilizosalia.

Nimetaja nyumbani mwanzoni, na sasa nirudi huko. Gitaa la umeme lilifika kwetu kwa njia nyingi. Huko Léopoldville, kama Kinshasa ilivyoitwa zamani, Mbelgiji Bill Alexandre hutajwa kuwa ndiye aliyelileta mwaka 1953, na kutoka katika mji huo mtindo wa Franco na wa Dr. Nico ulienea mpaka kwetu kwa sahani za santuri na kwa redio. Hapa nchini Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baadaye wa Super Volcano, alilifanya gitaa liseme Kiswahili mpaka alipofariki mwaka 1979. Vijana hawa wakubwa hawakuwa na makabati ya kuhifadhia ala. Gitaa la bendi lilipigwa usiku kucha, likapakiwa juu ya lori, likanyeshewa, likaachiwa kijana aliyefuata. Koili ilipokatika haikutumwa Kalamazoo. Ilipelekwa kwa fundi wa redio au kwa fundi wa kusuka mota, naye akaisuka kwa waya aliokuwa nao.

Kwa kipimo cha soko la Marekani, pikapu iliyosukwa upya imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kwa kipimo cha historia yetu sikubaliani nalo hata kidogo. Swali la mnunuzi ni moja tu: je, kitu hiki kiko kama kilivyotoka kiwandani? Mwanahistoria ana la pili: baada ya kutoka kiwandani kimepita mikononi mwa nani? Vifaa ni vile vile, mita, dira na kioo cha kukuza, bali jibu linalotafutwa ni jingine. Koili iliyosukwa Morogoro ni ghushi ikiwa muuzaji ataiita ya Kalamazoo. Ikiitwa ya Morogoro ni halisi, na fundi aliyeisuka astahili kutafutwa, naye akipatikana aulizwe waya aliutoa wapi.

Hatari iliyopo kwetu si mghushi. Ni leja. Katika utumishi wangu niliwahi kuitwa kushiriki ukaguzi wa mali chakavu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ghalani, kati ya mataipureta na viti vya miguu mitatu, palikuwa na gitaa la umeme lisilo na nyuzi. Jina la mtengenezaji lilikuwa limefutika. Katika leja liliandikwa maneno matatu: “gitaa bovu, moja”, na pembeni pendekezo la kuteketezwa. Hakuna aliyejua lilikuwa la bendi gani wala liliingia lini.

Tuliomba wiki moja. Fundi wa redio wa mjini alikuja na mita yake, akafungua skrubu nne, akageuza pikapu mbili. Ya karibu na shingo ilikuwa haijaguswa. Nta yake ilikuwa nzima, na ilisoma omu 6,900. Ya karibu na kishikio cha nyuzi ilikuwa imesukwa upya kwa waya mnene kuliko wa kwanza, ikafungwa kwa uzi mweupe wa cherehani badala ya utepe, na ncha zake zililehemiwa kwa mkono uliojua kazi. Ilisoma omu 2,100. Sumaku zote zilikuwa zingali na nguvu. Chini ya bamba, kwa kalamu ya risasi, palikuwa na herufi mbili na tarakimu zilizofifia, ambazo tulizinakili kama zilivyo bila kuzikisia. Katika leja, kwenye nafasi ya yale maneno matatu, tulijaza ukurasa mzima na nusu: vipimo, rangi ya waya, uzi wa cherehani, herufi mbili, tarehe, jina la fundi aliyefungua, na joto la chumba, nyuzi 29.